Jiko la Mawe ya Mwambani

Nilipokuwa na miaka tisa, baba alijenga jiko kwa mawe yaliyokatazwa, na mpaka leo sijamsamehe.

Tulikuwa wageni Oltepesi, Wakikuyu wenye duka la unga na sukari. Nyuma yetu, kwenye nyika kavu ya miiba na vumbi, kulikuwa na mwamba mkubwa uliochongwa vyumba na watu wa kale. Hakuna aliyejua kabila lao. Majirani zetu Wamaasai walisema watu hao walimnyima maji mgeni aliyepita na kiu, Enkai, Mungu wao, akawafuta wote kwa siku moja. Ukipita hapo unaweka nyasi mbichi mlangoni, unaenda zako. Jiwe la pale halibebwi. Likibebwa, mtu hakanyagi tena boma lililolipokea.

Baba, mzee wa kanisa, alicheka, akabeba mawe ya kujaza mkokoteni mzima. Bibi mkunga tuliyemwita Kokoo alimwonya mara mbili. Baba akamjibu apeleke mashetani yake kwa ng'ombe wake. Basi watu wakaacha kuingia kwetu. Walinunua dukani, nje barabarani, wakageuka. Nililichukia jiko lile hadi chai yake.

Kisha mama akashikwa na uchungu, saa sita mchana, mtoto ametanguliza miguu. Nilikimbia kumwita Kokoo, naye akaja mbio. Akafika langoni akasimama, nyasi mkononi, jinsi Wamaasai wanavyoomba amani.

“Mtoe hapa nje,” akamwambia baba. “Hapa barabarani nitamsaidia. Huko ndani siingii.”

“Mke wangu si mbuzi wa kuzalia barabarani.”

Nikamvuta baba shati, nikala kofi. Kokoo alilia pale langoni, machozi yake niliyaona, lakini mguu hakuinua. Saa tisa ndugu yangu alizaliwa kimya, amekufa.

Majirani wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lipi? La baba lilikuwa zima kabisa. Naye akasema ni shetani. Upuuzi mtupu, wote.

Siku hizi mimi ni muuguzi Kitengela. Nimezalisha watoto waliotanguliza miguu vilevile, kwa mikono hii, na wakalia. Mwamba haukuua mtu. Kutoka langoni hadi kitandani kwa mama zilikuwa hatua ishirini, na watu wawili wacha Mungu walikataa kuzitembea, kila mmoja kwa ajili ya Mungu wake.

Mama alikuwa anawasikia wote wawili.