Shikamoo Iliyokuwa ya Shangazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikipita mbele ya ofisi za ile kampuni ya mbegu hapa Songea mjini. Sikuwa tena kijana kama wewe, ila kazi yenyewe ndiyo ilikuwa changa mikononi mwangu. Nilianza maisha kwa kuchora mabango ya maduka kwa brashi. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Kompyuta nilijifunza ukubwani, kwa kumuuliza kila aliyejua, na watu walipoanza kutaka picha zinazotembea kwenye skrini, nikajifunza na hizo.

Kampuni ile ilitaka ukuta mzima wa mapokezi uwe skrini. Mgeni akiingia, kamera ndogo imwone, na picha imjibu. Nikawaambia tumweke mkulima halisi wa huku kwetu, ameketi nje ya nyumba yake anapukuchua mahindi. Mgeni akigusa ukuta, mzee amweleze namna ya kuchagua mbegu. Wakapenda. Nikaenda Madaba kumrekodi baba yangu mzazi.

Baba alikubali kwa sababu niliyemwomba ni mimi. Alikaa kwenye kigoda akapukuchua na kuongea kama vile kamera haipo. Katikati ya maongezi, shangazi, dada yake mkubwa, akapita akitoka mashine na unga kichwani. Baba akaacha mahindi, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, dada." Kamera ikachukua na hiyo.

Kazi ilikuwa haijaisha baba alipofariki. Sitasema mengi juu ya hilo. Niliendelea kumpanga kwenye skrini, akicheka, akipuliza makapi kiganjani, na nikishindwa kumtazama nilitoka nje kidogo, kisha nikarudi.

Sasa siku hiyo ninayokuambia, meneja alikuwa anakagua picha zote. Alikuwa kijana mwenye adabu zake, sitamsingizia. Alipofika pale pa shangazi akaniambia nirudishe nyuma.

"Fundi, hiyo shikamoo nimeipenda," akasema. "Kata hilo neno dada. Mtu yeyote akiingia mlangoni, mzee amwamkie. Wateja watajiona wafalme."

Nikamjibu kwamba nitafikiri. Jioni nikampigia mama simu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mtoto wa shule akiingia kuomba maji ya kunywa, mume wangu anampa shikamoo?"

"Ndivyo wanavyotaka, mama."

"Na wewe ukawaambia utafikiri." Nikasikia kuku wake kwenye simu. "Haya. Ukimaliza kufikiri utaniambia."

Hapakuwa na la kufikiri. Kulipokucha nilikwenda kwa meneja.

"Sitaikata," nikamwambia. "Ile shikamoo ni ya shangazi yangu. Mzee ataendelea na mahindi yake. Mgeni akimwamkia, kinasa sauti kitasikia, naye atainua uso aitikie. Hiyo naweza kuitengeneza leo hii."

"Unataka mteja asimame pale anamsubiri mzee amtazame? Hapa ni ofisi, Fundi, siyo kilabu cha pombe."

"Hatasubiri. Ataamkia. Ana mdomo."

"Na wakubwa wakija kutoka Dar?"

"Nao wana midomo."

Akacheka, na mimi nusura nicheke. Kisha akashusha sauti. "Mzee ameshatangulia, na pole sana. Lakini neno moja halimpunguzii kitu."

"Angekuwa hai ungemwomba mwenyewe. Ungethubutu?"

Alisema tu kwamba kama mimi siwezi, yupo atakayeweza. Picha zilikuwa bado zangu, tulikuwa hatujakabidhiana. Nikakaa mbele ya mashine iliyokuwa chini ya kaunta, nikamwondoa baba, picha moja baada ya nyingine, meneja amesimama nyuma yangu.

"Unajua kwamba unaacha kazi?"

"Najua."

Leo ukuta ule una alizeti zinazogeuka kumfuata mtu anapopita. Nzuri, sikatai, aliyezitengeneza anaijua kazi. Mimi hawakuniita tena, na kwa muda mrefu nilirudi kwenye brashi. Wapo waliosema nimetupa riziki kwa sababu ya neno. Nawajibu mpaka leo kwamba ndiyo, nilikataa, na wakiniita kesho kwa jambo lile lile nitakataa tena.

Mwanangu, ninyi mtatengeneza makubwa kuliko ukuta ule. Mtaletewa nyuso na sauti za watu, walio hai na waliokufa, na mashine zenu zitaweza kuwatamkisha lolote. Kabla hujagusa kitu, jiulize kama mwenye sauti angemwambia mtu huyo maneno hayo kwa kinywa chake. Kama asingesema, usimtamkishe, hata kama ni neno moja, hata kama anayekuagiza ni mpole na mshahara wako uko mkononi mwake. Na jibu ukiwa nalo tayari, usiseme utafikiri. Sema hapana ukiwa umemtazama machoni. Wakikuondoa, ondoka, wala usiwaombe radhi kwa hilo.

Mungu akupe kazi nyingi za kukubali, na mkono usiotetemeka siku ya kukataa. Wafu wako walale kwa amani, nawe uzeeke ukiweza kuwataja bila kuinamisha uso.