Fingo la Minazi ya Kisimani

Nilitengeneza fingo la uongo nikalitundika kwenye mnazi wa baba. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametoka humo, na kwa sababu nikianza na mengine nitajipendelea.

Kwa asiyejua, fingo ni kile kidude cha uganga ambacho wazee wa kwetu Tezo hukitundika shambani ili mwizi wa nazi akizila avimbe tumbo mpaka aje mwenyewe kuungama. Langu lilikuwa chupa ya wino iliyokwisha, nikaijaza majivu ya jikoni, nikatia manyoya ya kuku wa mama ambaye tulikuwa tumeshamla, nikaizungushia kitambaa nilichokikata kwenye kaptura yangu nyekundu ya michezo, iliyokuwa imepasuka mahali nisipopenda kupataja. Nikaifunga kwa ukili kwenye mnazi ulio karibu zaidi na kisima, urefu wa kifua cha mtu mzima. Kisha nikarudi nyuma kulitazama. Nilikuwa kidato cha pili, nimeshasoma habari za moyo wa chura na hewa ya oksijeni, na bado lilinitia baridi kidogo. Lilikuwa fingo zuri.

Sasa nieleze kwa nini mnazi ule.

Dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, hiki ambacho sasa wanasema kitafutwa, na barua ya kuitwa chuo kikuu Nairobi ikaja. Mama aliifunga kwenye leso pamoja na kitambulisho chake, kila mgeni akija akaifungua, ingawa hajui kuisoma. Anajua tu pa kuweka kidole: "Hapa ndipo jina lake."

Kusoma chuo kikuu si bure, lakini serikali ilikuwa tayari kukopesha. Dada alimweleza baba barazani, na mimi nilikuwa karibu nikijifanya nanoa panga.

"Kwa hiyo serikali itamkopesha msichana pesa ale wali," baba alisema.

"Na vitabu, baba. Na pa kulala."

"Na wewe utalipa lini?"

"Nikianza kazi. Watakata kidogo kidogo kwenye mshahara."

"Na usipoipata hiyo kazi?"

"Ndiyo maana wanataka wadhamini wawili."

Fomu ilisema mdhamini awe mtu wa mshahara au mwenye ardhi yenye hati. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyemfundisha dada kushika kalamu, alitia sahihi siku hiyohiyo. Tatizo lilikuwa wa pili. Ardhi tunayolima ni ya mtu ambaye hatujawahi kumwona. Minazi ni yetu, babu aliipanda na baba akaongeza, lakini udongo ulioishika minazi hiyo una mwenyewe, na mwenyewe yuko sijui Mombasa, sijui Uarabuni. Huku kwetu mtu anaweza kumiliki mti asimiliki shimo lake. Ofisi ya mikopo ilitaka shimo.

Mwenye hati aliyekuwa karibu nasi alikuwa mwenye duka wa barabarani. Alikubali. Lakini yeye naye alitaka kujikinga, maana dada akishindwa kulipa atafuatwa yeye. Basi wakapatana na baba kwa desturi ya siku zote: minazi ya kisimani iwekwe rehani kwake, nazi ziwe zake mpaka dada amalize deni la serikali. Jumamosi atakuja na mkwezi wake, waangue nazi za kwanza mbele ya baba, rehani ishike. Kisha waingie ndani wanywe chai, atie sahihi. Fomu ilitakiwa Nairobi kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata.

Minazi ile ndiyo iliyotulisha. Baba alichukua ufagio. Alikwenda kuifagilia.

Nami sikumpenda yule mwenye duka. Alikuwa ameshakuja mara kadhaa kuikagua, akigonga kila mnazi kwa bakora yake kama anayenunua ng'ombe, na baba nyuma yake ameshika kofia mkononi. Nikawaza: huyu mzee akiona fingo ataruka. Baba na mkwezi watashtuka. Hapo mimi nitatokea nyuma ya kisima, nitafungua chupa, nitatia majivu kinywani mbele yao wote, nitayameza na kusema yamepungua chumvi. Watacheka. Baba atavaa kofia yake. Huo ndio ulikuwa mzaha wenyewe, na mpaka leo nauona haukuwa mbaya, ila ulihitaji mimi niwepo.

Jumamosi asubuhi mama alinitwika debe la mahindi, nipeleke mashineni.

"Mama, leo nina kazi."

"Kazi gani?"

Ningeweza kusema. Nikasema, "Ya shule," naye akanitazama kama unavyomtazama mtu anayesema amemwona samaki akipanda mti. Nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu, mashine ikakata mkanda, na nilipata zamu yangu ya kusaga jua limeshapanda. Nilirudi mbio, unga umenijaa masikioni.

Nilimkuta dada amekaa kwenye kizingiti, fomu mapajani, kalamu mkononi imefunguliwa kifuniko. Nyuma yake, mezani, vikombe vilikuwa vimefunikwa kama alivyovifunika mama.

"Hawajaja?" nikauliza.

"Wamekuja, wamekwenda. Mkwezi aliona fingo mnazini. Alikuwa ameshaushika kwa mikono miwili kabla hajaliona. Akauachia, akaenda kunawa kisimani, halafu akakumbuka kisima ni chetu, akajipangusa kwa mchanga."

"Na mzee?"

"Baba aliapa kwa Mungu halijui. Mama akamkaribisha maji ya kunywa, akakataa."

Mtu wa kwetu akikataa maji ya nyumba yako, hana haja ya kukutukana tena.

Nilimwambia baba mchana uleule. Nilimwambia yote, na kaptura pia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa fimbo, tena nilikuwa nimevaa suruali mbili. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Wino umeupeleka wapi?" kana kwamba hilo ndilo lililobaki kueleweka. Nikasema uliisha. Akachukua kofia yake, akasema, "Lilete. Twende."

Dukani palikuwa na watu. Mwenye duka alikuwa anapima sukari, na mkwezi amekaa juu ya gunia la mchele, anajitazama viganja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kumbe mganga ni wewe."

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikunifaa.

"Ni utoto, ndugu yangu," baba akasema. "Mwanangu ni mpumbavu. Hakuna dawa pale, ni majivu ya jikoni kwangu."

Nikaona hapa ndipo pahali pangu. Nikafungua chupa, nikamimina majivu kiganjani, nikayatia kinywani yote. Yalikuwa na ladha ya wino. Nilitafuna, nikameza, nikafungua mdomo waone. Hakuna aliyecheka. Hata lile neno la chumvi lilinitoka kichwani.

Mwenye duka alifunga karatasi ya sukari taratibu. "Mimi nimekusadiki, kijana. Kwamba shule zinafundisha upumbavu nalijua kitambo. Lakini mimi sikwei minazi. Anayekwea ni huyu."

Mkwezi hakuinua macho. "Majivu ameyala yeye. Ni la kwao. La kwao litamdhuruje? Mimi ndiye niliyeushika mnazi."

Ukitaka kujua kushindwa ni nini, jaribu kujibu hilo. Ningekataa kuyala, ningekuwa nimeogopa. Nimeyala, basi nimelindwa.

Mwishowe mwenye duka akasema fingo haliondolewi na mtu yeyote tu. Aitwe mganga, alitoe kama yanavyotolewa, mkwezi aone kwa macho yake, halafu atakwea, na yeye atatia sahihi. Baba ni mzee wa kanisa. Jumapili yake hushika sahani ya sadaka. Alivua kofia, akasema, "Haya."

Nikalirudisha fingo mnazini, chupa tupu, kwa amri. Jumapili baada ya ibada mganga akaja na kifuko chake. Alilizunguka, akalinusa, akatucheka mimi na baba.

"Hili si kitu."

"Ndivyo tunavyosema sisi," baba akadakia. "Basi waambie."

"Nikiwaambia si kitu watasema nimelishindwa. Niacheni nilitoe. Na kukitoa kisichokuwepo kuna kazi zaidi."

Kazi hiyo ilitugharimu mbuzi, yule ambaye alikuwa auzwe kwa nauli ya dada. Palifukizwa, paliimbwa, maji yalinyunyizwa kwenye kila mnazi, mkwezi amesimama pembeni amefumbata mikono. Nilitamani kucheka, na nilipomwona baba amesimama ndani ya moshi na suruali yake ya kanisani, hamu ikanitoka. Mganga aliondoka na mbuzi wetu na kipande cha kaptura yangu. Mkwezi akasema sawa, atakuja Jumatano.

Jumanne alianguka. Hakuanguka kwetu. Ilikuwa shamba la mtu mwingine kabisa, karibu na Kilifi mjini, mnazi wenye vidato vilivyokatwa vizuri, mchana mweupe, na kukwea ndiyo kazi aliyokulia. Alivunjika nyonga. Hakufa. Siku hizi anatembea kwa gongo na anauza njugu kituo cha basi, na mimi huzunguka nyuma ya soko nisipite mbele yake.

Hakuna aliyetuambia neno. Alasiri ile mtoto wa dukani alileta fomu, imekunjwa ndani ya karatasi ya kufungia sukari. Chini kabisa, mahali pa mdhamini wa pili, palikuwa peupe.

"Babu anasema mwambie mzee si ubaya," akasema yule mtoto, akakimbia bila kusubiri jibu.

Baba alijaribu. Jumatano alikwenda mpaka Malindi kwa jamaa mmoja mwenye hati, ambaye alimlaza na kumlisha vizuri, na asubuhi akagundua kuwa mkono unamuuma. Dada naye alikwenda ofisi ya elimu Kilifi kuomba muda, nami nikamfuata kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Karani aliigeuza fomu.

"Mdhamini wa pili yuko wapi?"

"Ametishwa na chupa ya wino," dada akasema.

Ilikuwa kweli tupu, naye hakuisema kwa kejeli, lakini karani alimrudishia fomu akamwambia akija ofisini aje na maneno ya watu wazima. Wino, majivu na kaptura, ungeviandika vipi katika barua ya kwenda Nairobi? Tulirudi kwa miguu sehemu ya njia ili kubakisha nauli. Alitembea mbele. Mimi ndiye niliyekuwa msikilizaji wake alipokuwa akisoma mashairi kwa sauti jikoni, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuicheka mizaha yangu tangu sijaota meno ya mbele. Siku ile nilikuwa na mzaha mmoja tayari kuhusu pua ya yule karani. Nikaumeza, na huo ulikuwa mchungu kuliko majivu.

Ijumaa ikapita kama Ijumaa yoyote.

Baba alifikiria kuuza minazi ya kisimani alipe mwaka wa kwanza mwenyewe. Hakupata mnunuzi, wala kwa nusu ya bei. Hakuna mkwezi anayeigusa. Mimi ndiye ninayeikwea sasa, nikitoka shule, na mama hubeba nazi mpaka soko la mbali ambako hawajui zimetoka shamba gani. Lakini haziibwi tena. Zamani tulikuwa tukiibiwa kila mwezi. Mafingo ya Tezo ninayoyajua, yaliyolipiwa mbuzi na kuku, hakuna lililofanya kazi kama langu. Na baba, ambaye nywele zake zimekuwa nyeupe mwaka huu, akipita njiani akina mama huwavuta watoto wao pembeni. Sahani ya sadaka ameipokea mtu mwingine. Waliniambia ni zamu.

Kuna mara nimewahi kujiuliza kama nilichokimeza kilikuwa majivu tu.

Dada alipata kazi ya ualimu Marafa, mwalimu asiyepitia chuo chochote, mshahara wa kununulia sabuni na kubakisha kidogo. Likizo huja na vumbi jekundu la huko kwenye visigino. Barua ya chuo kikuu bado iko kwenye leso ya mama, ila wageni hawaonyeshwi. Nikisema jambo la kuchekesha dada hucheka, kwa adabu, kama wanavyomchekea mkaguzi wa shule.

Mwezi uliopita nilifukuzwa shule kwa kukosa karo, mimi na nusu ya darasa. Dada alikuwa amekuja kutuona kwa siku mbili. Jioni alikuwa nje anafua, nami nikaingia jikoni. Mama alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya kisimani. Tangu Jumamosi ile ya mashineni alikuwa amenituma maji, amenituma kuni, amenituma sokoni, lakini la fingo hakuwahi kulitamka, na mimi nilikuwa nimeanza kudhani limepita. Hakuacha kukuna.

"Dada yako ameniachia karo yako," akasema. "Iko ndani ya kopo la majani ya chai. Kesho umsindikize mpaka barabarani, umbebee mzigo wake, na usimchekeshe."