Rungu la Mkwaju

Kwanza niseme hili, na sibishani na mtu: kabari ya mti haigongwi kwa nyundo ya chuma. Ukiigonga hivyo inachanika. Wengine hugonga kwa kisogo cha shoka, na hao ndio shoka zao hulegea mpini, zikaruka zikamtafuta mtu. Kabari ya mti yataka rungu la mti, zito, lenye kichwa kifupi. La kwangu nililichonga kwa kisiki cha mkwaju, na halikuwahi kunitia aibu.

Enzi hizo za Mwingereza Temeke ilikuwa mashamba na vichaka, na dada yangu aliolewa huko. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mkwaju mkubwa, mizizi imeoza upande mmoja, umeinamia paa la chumba chake. Masika yalikuwa yamekaribia. Dada alikuwa ndani na kichanga, na mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Basi ilitubidi mie na shemeji, mumewe, tuuangushe upande wa pili, wao wakiwa mlemle ndani.

Tuliswali adhuhuri ndipo tukaanza. Tukaukata mdomo, lile pengo la kuuelekeza uangukie, upande wa shambani, tukaingia na msumeno kwa nyuma, tukachomeka kabari ili uinuke uachane na paa. Nilipotoa rungu langu, shemeji akalishika, akalinusa.

"Hili la mti gani?"

"Mkwaju."

"Shemeji, mti haupigwi kwa nduguye. Kwetu hatufanyi hivyo. Tukaazime jingine."

Nikamwambia mvua haimsubiri mtu akaazime, na kama anaogopa akajifunge kanga akae ndani na mzazi. Nilikuwa na mdomo siku zile. Wingu lilikuwa limeshatanda, upande wa Mbagala kweusi.

Nikapiga. Ndani ya mti kukaitika, ko, taratibu, kama mtu aliye chumba cha pili. Nikajisemea mti una uwazi, huo ni mwangwi tu. Nikapiga tena, ukaitika tena. Shemeji aliacha kutazama kabari, akawa analitazama shina. Kisha nikainua rungu, na kabla sijalishusha nikasikia: ko.

"Umekutangulia," shemeji akasema kwa sauti ndogo.

Niliogopa, sifichi. Nikalitupa rungu, nikakimbilia ndani. Yeye nyuma yangu, arobaini, arobaini, mke wangu hatoki. Nikamwambia dhambi zake juu yangu. Dada nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kajitanda kanga, mtoto kamfunga kifuani. Aliinuka kabla sijamwambia. Nikamshika mkono, tukatokea mlango wa mbele.

Hatujafika njiani, mkwaju ukalala juu ya chumba kile, na hakuna aliyeugusa. Kitanda tulikuja kukikuta kimekatika katikati.

Shemeji alikaa chini mchangani, akalia bila kujificha. Mie nikamgeukia dada, nikamwuliza ni nani aliyemwambia ajiandae kutoka.

"Si nyie?" akasema. "Tangu alfajiri mnanigongea ukuta wa nyuma. Ko, ko, hamchoki. Nikajua mnataka nitoke."

Alfajiri shemeji alikuwa msikitini. Mie nilikuwa kwangu Kinondoni, nimelala, na rungu lilikuwa chini ya kitanda changu.