Mtoto Ambaye Hakufungwa na Mtu

Watu wa Mbaha, kijiji cha kando ya ziwa, walimjua Dafrosa kuwa mwanamke asiyemtaja wifi yake. Ukilileta jina la Rosa, atakuuliza habari za mihogo yako. Hata mumewe, Tobias, alipofariki, Rosa, dada yake wa tumbo moja aliyeolewa Kigonsera, hakufika msibani, na Dafrosa hakuuliza kwa nini.

Sababu ilikuwa ya zamani. Mtoto wa kwanza wa Dafrosa, wa kiume, alikufa kabla hajamaliza wiki. Tumbo lilivimba likakaza, akatapika maji ya kijani, akanyamaza. Dafrosa alipomwogesha kwa mara ya mwisho aliona kitu alichomwambia mumewe tu: pale penye njia ya haja kubwa palikuwa na ngozi tupu. Akakumbuka siku ya harusi, jinsi Rosa alivyosema mbele za watu, "Haya, tutaona kama huyu atatuzalia."

"Dada yako amemfunga mwanangu," alimwambia Tobias.

Tobias aliamini, au pengine alichoka kubisha. Tangu siku hiyo Rosa hakukaribishwa tena nyumbani kwao.

Dafrosa alizaa wengine, wote wazima. Kitinda mimba wake, Lidia, alipojifungua mtoto wa kiume kwenye kituo cha afya, mama yake ndiye aliyekuwa naye wodini. Asubuhi muuguzi Beata akapita.

"Shikamoo bibi. Mjukuu ameshapata choo?"

"Marahaba. Bado."

Beata alifungua nepi, akamgeuza mtoto taratibu, akainama kumtazama vizuri.

"Lidia, bibi, sogeeni muone. Mtoto amezaliwa hana njia ya haja kubwa. Usimnyonyeshe kwanza. Naita gari, anatakiwa kupelekwa Songea leo hii."

Lidia akaanza kulia. Dafrosa hakusogea. Alijua atakachokiona. Rosa amenifuata mpaka kwa mwanangu, aliwaza.

Gari la wagonjwa lilipanda kutoka ziwani mpaka Mbinga, likapita katikati ya mashamba ya kahawa, likashika barabara ya Songea. Lidia alikuwa amemkumbatia mtoto, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kujaa.

"Mama, mbona umenyamaza hivyo?"

"Nasali."

Hakuwa anasali. Alikuwa anamlaani Rosa.

Daktari aliyewapokea aliitwa Mansuetus, kijana wa rika la watoto wake. Alimpima mtoto moyo, akauliza kama anapata mkojo, kwa sababu, alisema, mtoto wa namna hii wakati mwingine huwa na kasoro nyingine zilizojificha. Kisha akaeleza: watatoboa tumboni na kutokeza utumbo kidogo, choo kitokee hapo kwa muda. Akikua kidogo atafanyiwa upasuaji mwingine, atengenezewe njia mahali pake. Mwisho kabisa watalifunga lile tundu la tumboni.

"Una swali, mama?"

"Nani amemfunga?"

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa.

"Hakuna aliyemfunga. Mtoto anapoumbwa, mwanzoni kabisa, mama yake pengine hajajua hata kama ana mimba, sehemu ile inatakiwa ijitenge na kufunguka. Ya huyu haikumaliza kujitengeneza. Si kosa la mama yake, wala si mkono wa mtu."

"Na zamani? Walikuwepo wa namna hii?"

"Walikuwepo, mama. Wengi walikufa tumbo likiwa limejaa, na wazazi hawakujua kilichowaua."

Dafrosa alitoka nje, akaenda kukaa peke yake karibu na mahali pa kufulia. Akalia, naye hakujua vizuri anamlilia nani, yule aliyekuwa anaingizwa chumba cha upasuaji au yule aliyemzika zamani, yeye mwenyewe akiwa bado kijana.

Upasuaji ulikwenda salama. Waliporudi Mbaha na mtoto, ambaye walimpa jina la Kilian, Lidia alishindwa kuutazama ule utumbo tumboni, mwekundu na wenye unyevu. Dafrosa ndiye aliyemsafisha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, akiipaka mafuta ngozi ya pembeni isichubuke. Hatimaye Lidia naye akazoea.

Kilian alinenepa. Tarehe ya upasuaji wa pili ilipokaribia, majirani wakaanza maneno: mtoto anakula, anacheka, wanamrudisha kwenye kisu kwa nini? Lidia akayumba.

"Tumwache tu, mama. Amepona."

"Hajapona. Ameokolewa," alijibu Dafrosa. "Ataingia darasani hivi? Nitakwenda naye mimi kama wewe unaogopa. Lakini kabla ya safari nina mahali pa kwenda."

Alikwenda Kigonsera. Alimkuta Rosa uani, amezeeka, anachambua maharage kwenye ungo. Rosa aliitikia hodi bila kuinuka.

"Karibu, wifi. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa." Dafrosa alikaa chini, kwenye udongo, ingawa kigoda kilikuwepo. Akamweleza habari ya Kilian, na maneno ya daktari. "Nilikusingizia, wifi. Nimekutenga na kaka yako bure."

Rosa aliendelea kuchambua.

"Yale maneno ya harusini niliyasema," alisema baadaye. "Ulikuwa ujinga. Lakini mtoto wa kaka yangu, nimfunge mimi?" Akaweka ungo chini. "Hata kumzika Tobias niliogopa kuja. Niliona mtanifukuza kaburini."

"Ningekufukuza."

Kuku walipita, wakadonoa maharage yaliyomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Yule wa kwanza mlimpa jina?" Rosa aliuliza.

"Mkunga alimbatiza. Leopold."

"Sikuwahi kuambiwa."

Akaingia jikoni, akapika, akamwandalia wifi yake. Yeye mwenyewe hakula. Neno la kusamehe hakulisema, na Dafrosa hakuliomba.

Kilian amemaliza upasuaji wote watatu. Baada ya ule wa pili iliwapasa kuipanua njia yake mpya kila siku kwa kifaa walichopewa, kazi iliyomliza mtoto na bibi pia. Sasa anakwenda chooni mwenyewe. Siku nyingine choo kinakuwa kigumu, siku nyingine anachafua nguo, na daktari anasema hilo linahitaji subira na mapapai.

Rosa amefika Mbaha mara moja. Alimpakata Kilian, akamwomba Dafrosa ampeleke kwenye makaburi. Walikwenda wote wawili, wakang'oa majani, kwa Tobias kwanza, halafu pale padogo pembeni. Dafrosa alimtandikia kitanda, lakini Rosa akasema ana mahindi ya kuanika, akarudi kwake jioni ileile.