Kura ya Mama Ng'ambo ya Kijito

Miezi ile ya kampeni mama yangu alikuwa akipika bukari, ugali wetu, mara mbili kila Jumapili. Kwanza alikula kaka yangu, mtoto wake wa kwanza. Huyo akishaondoka, ndipo alipoingia mjomba, mdogo wake wa mwisho, ambaye mama alimlea kama mwanawe baada ya bibi kufariki. Hawakutaka tena kukutana mlangoni. Wote wawili waligombea udepite wa provinsi, yaani ubunge wa jimbo, wote hapahapa Kamina mjini, kila mmoja na chama chake.

Mimi ningewachapa wote wawili. Watu wazima wenye ndevu, wanamgombania mama kama watoto wanaogombania kichwa cha samaki!

"Mama, weye njo ulinizaa," kaka alikuwa akimwambia.

"Yaya, weye njo ulinilea," mjomba naye alimwambia dada yake baadaye, huku akinawa mikono.

Mama hakulala vizuri. Kwetu mkubwa humpaka mtu pemba, udongo mweupe wa baraka, anapoanza jambo zito, na kwa mama kura ilikuwa jambo lilelile. Atakayenyimwa akishindwa, watu wangesema ni yeye aliyemfungia njia. Na yeye mwenyewe angeamini hivyo.

"Pemba ningebapaka bote babili," aliniambia. "Lakini hii kura iko moja tu."

Nilimshauri abaki nyumbani. Akaniangalia kama mjinga. Siku ya uchaguzi kidole hutiwa wino, na wale wawili wangekuja kukitazama kidole chake kabla hata ya kumsalimia. Kisipokuwa cheusi, amewakataa wote.

Siku ikafika. Nilipiga kura yangu asubuhi karibu na stesheni ya gari la moshi, ninakokaa, kisha nikamfuata mama kwake, pembeni kabisa mwa mji. Hajui kusoma, na sheria inamruhusu aingie na mtu wa kumsaidia. Tukavuka kijito hadi shule ya mapadri alikojiandikisha. Wakati wa kujiandikisha foleni za mjini zilikuwa za kuumiza kichwa, na shamba lake la mahindi liko nyuma ya shule ile. Alikwenda na jembe begani, akapigwa picha, akapewa karte ya kupigia kura, akarudi kupalilia. Hakuna aliyewaza zaidi, hata mimi ninayejifanya najua yote.

Ndani, nyuma ya maboksi yaliyosimamishwa kuficha mashine ya kupigia kura, alisogea karibu na skrini yenye picha. Kura ya rais aliipiga haraka. Tulipofika kwa madepite wa provinsi alifumba macho, nadhani alikuwa akisali, kisha akayafumbua na kuanza kutafuta sura. Nikamfungulia ukurasa mmoja, na mwingine. Wanaume wenye kofia, mama mmoja mwenye miwani, vijana wenye tai. Nikarudi mwanzo.

"Beko wapi?" mama akaninong'oneza.

Nilitoa kichwa nje nikamwita msimamizi. Hakuhitaji hata kuja.

"Mama, huku iko territoire," alisema. "Ba candidats ba ville habako humu. Kale kamuto mulivuka njo limite."

Kumbe kijito ndicho mpaka: ng'ambo hii ni wilaya ya mashambani, na wagombea wa mji hawamo. Mama alinishika mkono. Kisha akaanza kucheka, polepole kwanza, halafu kwa nguvu mpaka machozi, na msimamizi akatuomba tupunguze sauti. Sijawahi kupenda mpaka wowote kama nilivyoupenda ule wa kijito. Mwaka mzima tulikuwa tukiuvuka kwenda kuvuna mahindi, bila kujua kwamba ndio utakaotuokoa.

"Huyu iko na sura ya mukulima," alisema, akamgusa yule mama mwenye miwani. Akatoka, akachovya kidole kwenye wino, na njia nzima alikibeba mbele yake kama mtoto aliyeota jino.

Wote wawili walishindwa. Wiki mbili walikasirika, kisha Jumapili moja njaa ikawaleta saa ileile, na mama akasonga bukari moja kubwa. Kaka ndiye aliyeuliza, mdomo umejaa sombe ya majani ya muhogo.

"Mama, sema kweli. Ulichagua nani?"

"Nilibatafuta bote babili," alisema mama, "sikubaona. Uliza uyu, tulikuwa naye."

Nikawaeleza habari ya kijito. Mjomba alicheka mpaka akapaliwa, na kaka akampiga mgongoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu kampeni ianze. Mama aliwatazama, akavuta pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yakishuka.

Halafu kicheko kikaisha. Kaka akamtazama mjomba, mjomba akamtazama kaka, kisha wote wawili wakanigeukia mimi, ninayekaa karibu na gari la moshi, mjini katikati, walikogombea wote wawili.

Mama alinisukumia kipande kikubwa kabisa cha samaki.

"Kula," aliniamuru. "Na usiongee na chakula mu kinywa."

Nikala mpaka wakaaga.