Mkono wa Mzee wa Posta

"Ni wa kulia," mwanangu alisema kwa mara ya sita, na mkewe kwa mara ya sita akamjibu kwamba ni wa kushoto, na mimi niliyekuwa nimekalia gunia la maranda pale pembeni nikasema inategemea. Hapo wote wawili wakanigeukia.

"Inategemea nini, mama?" mwanangu akaniuliza. "Mkono wa mtu hauhami."

Nilikuwa na njugu mdomoni, basi nikazitafuna taratibu kama mtu anayefikiri.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana hata mimi niliyekuwepo kichwa changu bado hakijatulia. Huyu mwanangu ni fundi wa fimbo za kuvulia. Si vile vijiti watoto wanavyofungia uzi. Ni fimbo za watu wanaovua wakiwa ukingoni, wamesimama kwenye mawe au ndani ya maji ya magoti, wanarusha na kuvuta, wanarusha na kuvuta. Kila fimbo anaipimia mwenyewe, kama fundi cherehani anavyopima suti. Zamani alikuwa anashona miamvuli. Siku moja mtu akamletea fimbo iliyokatika, akaiunga kwa ubavu wa mwamvuli, ikawa nzima kuliko ilivyotoka dukani. Mimi huwaambia watu kwamba mvua ikinyesha ile fimbo ilikuwa inafunguka yenyewe na kumfunika mwenyewe. Wapo wanaoamini.

Fimbo ya kwanza aliyoitengeneza toka ufito mtupu alimpa rafiki wa marehemu baba yake, aliyekuwa anapeleka barua kwa baiskeli wakati huo. Ndiye huyo Mzee wa Posta. Akaenda nayo baharini, akarusha mara moja, ikavunjika vipande vitatu. Jioni akaja navyo vyote vitatu, akavipanga mezani kwa upole kama anapanga barua, akamwambia mwanangu: "Fimbo ni nzuri. Bahari ndiyo ilikuwa mbovu leo. Nitengenezee nyingine." Mwanangu aliingia jikoni akajifanya anatafuta chumvi, akakaa huko muda mrefu. Hiyo nyingine ndiyo iliyomfanya akawa fundi.

Sasa Mzee wa Posta amepigwa na kiharusi, mkono mmoja umekufa. Amejaribu fimbo mbili za dukani na zote zimemshinda. Wiki tatu nyuma alikuja akakaa kwenye stuli yetu, akasema hii ya kwetu ndiyo ya mwisho. Ikimkataa atagawa vifaa vyake vyote, akae nyumbani atazame ukuta. Mwanangu anaujua huo ukuta. Baba yake aliutazama mwaka mzima, fimbo yake iko juu ya kabati, mpaka alipotutoka.

Basi Mzee wa Posta alikuwa anakuja kuichukua siku hiyo, saa nne. Saa tatu na nusu ndipo mkwe wangu, aliyekuwa anafagia, akasimama mbele ya ukuta wa michoro, akauliza: hivi ule mkono mbovu ni upi?

Mnaweza kusema, mkono ni mkono, fimbo ni fimbo. Hata mimi nilisema hivyo siku alipoanza kuitengeneza, nikapewa somo la saa nzima. Mwanangu hafungi vitu ovyo. Yeye huanzia mwisho kabisa, kwa kile kisamaki cha plastiki kinachodanganya samaki wa kweli. Anauliza kwanza kitakuwa na uzito gani, ndipo achague mshipi, kisha fimbo, na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inakuja mwisho. Nilimshauri amwekee mzee kisamaki kizito ili kiruke mbali. Akaniambia kitu kizito kwenye fimbo laini ni sawa na kumtwika mtoto mfuko wa saruji, na kitu chepesi kwenye fimbo ngumu ni sawa na kurusha unyoya kwa mchi. Nikamwambia mimi nimewahi kurusha unyoya kwa mchi na ulifika mbali tu. Akaendelea na kazi.

Kwa mzee alichagua kisamaki kisichozidi kidole gumba changu. Mshipi mwembamba, ukiutazama kwenye mwanga unapotea. Fimbo laini huku juu, ili yenyewe ndiyo ifanye kazi ya kurusha na mkono usichoke. Na rili ndogo ya kukaa juu ya fimbo, aliyoipima kwa kuilaza fimbo yote kwenye kidole kimoja mpaka ikatulia, haikuangukia mbele wala nyuma. Kwenye kitako akashona mkanda wa ngozi. Mzee atarusha kwa mkono mzima, kisha ataingiza mkono uliokufa kwenye mkanda ushike fimbo, na ule mzima uzungushe rili.

Hapo ndipo penye tatizo. Rili ya namna hiyo, mpini wake wa kuzungushia uko upande mmoja tu, huwezi kuuhamisha. Kama mkono uliokufa ni wa kulia, mpini unatakiwa uwe kushoto. Mwanangu alikuwa amefunga wa kushoto, na ule mkanda ameukata kufuata mkono wa kulia, ukashonwa na kupigwa gundi juu. Rili ya pili, ya mpini wa kulia, tuliyokuwa tumeazimwa dukani tuchague, mwenye duka alishaichukua. Kama amekosea, basi mzee atafungwa mkono wake mzima, halafu aambiwe azungushe kwa ule uliokufa.

Tatizo la pili lilikuwa mimi.

Mwanangu haandiki vipimo kwenye daftari. Kila mteja anachorwa kwa chaki kwenye mbao za ukuta pale kando ya mlango, na anachorwa kwa mgongo, kama tunavyomwona mvuvi akiwa ameelekea majini na sisi tuko nyuma yake. Kulia kwa mchoro ni kulia kwa mtu. Siku aliyokuja mzee, mwanangu alikuwa na vanishi mpaka kwenye viwiko, akanipa mimi chaki. Shule sikwenda, ila kuchora najua. Nikamchora mzee na miguu yake myembamba na kofia, na upande wa kulia nikauning'iniza mkono kama soksi iliyoloa. Halafu, kwa sababu chaki ilikuwa imebaki kidogo na mimi sipendi kutupa kitu, nikamwekea masharubu.

"Masharubu yalikuwepo," mkwe wangu akasema. "Nimeyafuta mwenyewe juzi nikipangusa vumbi. Mtu mwenye masharubu anatutazama. Kwa hiyo ule mkono unaoning'inia huku kulia kwetu, kwake ni kushoto."

Mwanangu akanitazama. Nikatazama njugu zangu.

Tukampigia mzee simu. Masikio yake nayo yamezeeka. Mwanangu akamuuliza ni mkono upi unaomsumbua, akajibiwa mkono haujambo, asanteni sana, na nyie hamjambo. Mkwe wangu, ambaye ana akili ya kuzungukia mambo, akachukua simu akamuuliza huwa anakula kwa mkono gani. Mzee akasema ameshakula, wasihangaike kupika. Mara ya tatu simu ikaita mpaka ikakata. Alikuwa ameshatoka.

Basi tukaanza kuigiza. Mkwe wangu akakaa kwenye stuli akawa ndiye mzee. Mwanangu akasimama pale aliposimama siku ile na vanishi yake. Mimi nikabaki kwenye gunia. Nikakumbuka kwamba mkono uliokufa ulikuwa upande wa birika. Wakafurahi wote, mpaka tukakumbuka kwamba birika huhamishwa kila siku. Mkwe wangu akageuka, ikawa mimi ndiye ninayemwona kwa mgongo. Mwanangu akamwambia hapana, alikaa hivi, naye akageuka. Mimi nikainuka ili nione vizuri, na nikiinuka huwa lazima nizunguke kidogo ndipo magoti yakubali. Kwa muda tulikuwa watu watatu wazima tunazunguka katikati ya maranda, kila mmoja ameshika mkono wake mmoja na kuuita wa kulia, na nawaambia kweli kuna wakati hata wangu mwenyewe sikuujua.

Mkwe wangu ndiye aliyechoka kwanza. Akashauri wamwambie mzee fimbo haijakauka, arudi kesho kutwa. Lilikuwa neno la busara, na mimi nilikuwa tayari kulikubali.

"Mtu akikwambia hii ndiyo ya mwisho," mwanangu akasema, "humwambii arudi kesho. Kesho harudi."

Akachukua kisu kidogo cha kukatia nyuzi. Akailaza fimbo mapajani, akaweka ncha ya kisu kwenye mshono wa ule mkanda. Aliona kama akiufumua na kuugeuza sasa hivi, angalau mkono mzima wa mzee utabaki huru, hata kama rili itakuwa na upande wake mbaya. Lakini kama mwanzo alikuwa sahihi, basi anaiharibu fimbo iliyo sawa kwa mikono yake mwenyewe, na ngozi ile ikishafumuliwa haishikani tena vilevile. Akakata mshono mmoja. Kisha akainua uso.

"Mama, ulimchora mbele au nyuma? Niambie ukweli. Usitie chumvi."

"Nyuma," nikasema. "Kama tunavyochora siku zote."

"Na masharubu?" akauliza mkwe wangu. "Mtu ana masharubu kisogoni?"

"Halafu," mwanangu akasema polepole, "Mzee wa Posta hana masharubu. Hajawahi kuwa nayo."

Ilikuwa kweli. Uso wa mzee ni mtupu kama sahani, tangu tunamjua. Nikaanza kujiuliza mimi mwenyewe niliyatoa wapi. Nikautazama ukuta, nikaona kofia na ile miguu, na ule mgongo uliopinda kidogo, na ndipo nikakumbuka nilikuwa nawaza nini siku ile nimeshika chaki.

Nilikuwa nawaza wawili. Miaka mingi nilikuwa nawapelekea chai kule kwenye mawe, na siku zote nilikuwa nawaona kwa nyuma, mmoja ana kofia ya posta, mwingine ni mume wangu. Na mume wangu alikuwa na masharubu marefu kiasi kwamba hata ukimwona kwa mgongo, ncha zake zilikuwa zinachungulia huku na huku kama mipini ya baiskeli. Nilimchora mzee, mkono wangu ukamwongezea masharubu ya mwenzake.

Nikawaambia hivyo hivyo kama nilivyowaambia nyinyi.

Mkwe wangu akacheka kwanza, kisha akakunja uso. "Mama, jamani. Siku ya leo? Masharubu yanayoonekana kisogoni?"

Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba marehemu aliwahi kuvuta samaki mpaka bahari ikapungua kidole kimoja. Mimi ndiye niliyesema paka wetu anajua kuhesabu. Katika maisha yangu yote sijawahi kusema jambo la kweli kuliko hilo la masharubu, na niliona macho ya mwanangu yakitoka kwangu, yakaenda kwa mkewe, yakarudi kwenye kisu.

"Naapa," nikamwambia.

"Uliapa na la paka."

"La paka nilitania. Hili siongezi hata kidogo. Baba yako alikuwa na masharubu ya kuonekana nyuma. Wewe hukumbuki kwa sababu siku zote ulikuwa umekaa mbele yake."

Kisu kikabaki pale pale kwenye mshono wa pili, hakikukata, hakikuondoka. Mkwe wangu akavuta pumzi ya kuanza kusema, na nilijua kwa namna alivyoweka mkono kiunoni kwamba safari hii atasema mengi.

Nje kukasikika viatu kwenye changarawe, vizito, kimoja kinaburuzwa. Mlango ukasukumwa. Haukusukumwa kwa mkono. Mzee wa Posta alikuwa amebeba lile sanduku lake la kijani la visamaki na ndoana, amelikumbatia kwa mkono mzima, kwa hiyo aliusukuma mlango kwa mgongo, akaingia kinyumenyume, kofia yake ikiwa imetuelekea sisi, hatua moja, hatua nyingine, mpaka akasimama sawasawa kando ya mchoro wangu. Na mkono ule mwingine ulikuwa unaning'inia upande wetu wa kulia kama soksi iliyoloa.

Mkwe wangu akashusha mkono kutoka kiunoni, na mwanangu akakiweka kisu chini.

"Nani ananipokea hili sanduku?" mzee akauliza, bado ametupa mgongo.