Piko Kwenye Mkono wa Kizuka

Bi Fathiya wa Kiponda aliwachukia tangu walipokuwa ngazini wakivua viatu. Wasichana tisa kutoka Ulaya, wamekuja Unguja wiki tatu za kiangazi kusomea sanaa na utamaduni, na utamaduni wenyewe leo ulikuwa yeye: mchora hina na piko jeusi, miaka thelathini akipamba mabiharusi, na sasa kizuka aliyefiwa na mume siku ishirini na sita tu.

Ubishi ulianza asubuhi, na Mudrik, mtoto wa kaka yake, mtembeza wageni.

"Mwanangu, mimi nimo edani. Hata wanja nshausahau."

"Shangazi, hujipambi wewe. Utawafundisha wao tu. Na nshawaahidi."

"Umeahidi kwa mdomo wa nani?"

Lakini Mudrik ndiye aliyemletea samaki na mboga tangu afungiwe ndani kwa eda ya mumewe. Bi Fathiya akachanganya piko huku anasonya. Hofu yake ilikuwa moja: wifi yake, dada wa marehemu, Bi Mwanakheir wa Chukwani. Yule tangu matangani anamtangaza kwamba hakumlilia mumewe vya kutosha, na kizuka akionekana na pambo mwilini, basi amemtukana maiti.

Akawafundisha kwa ukali, akiwapiga vidole waliposhika vibaya. Baada ya adhuhuri akaegemea ukuta, na usingizi alioukosa siku zote zile ukamchukua.

Alizinduliwa na vicheko. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa kwenye goti la msichana mmoja, na ua kubwa jeusi limetambaa kutoka kifundoni hadi kidoleni. Limeshakauka.

"Zawadi, Bibi," msichana akasema kwa Kiswahili chake cha wiki mbili. "Asante kufundisha."

"Nani kakwambia unichore?"

Msichana akamtazama Mudrik. Mudrik alikuwa anaichekea simu yake.

"Shangazi, limependeza! Nshaliweka stetasi."

Kabla Bi Fathiya hajapata tusi la kumtosha, simu yake mwenyewe ikalia. Chukwani.

"Wifi, nimeuona mkono kwa Mudrik. Kidole kile kilichopinda si chako?"

"Changu. Wamenichora nimelala, wifi. Wallahi nilikuwa nimelala."

"Umelala, huku unapambwa?" Bi Mwanakheir akacheka. "Basi keshokutwa tukija kwako kwenye hitima ya kaka yangu, ukae mbele, uwaeleze watu ulivyolala."

Bi Fathiya aliwafukuza wote tisa, viatu akawarushia ngazini, na Mudrik na samaki wake nyuma yao. Kisha akakaa chooni na ndoo ya maji. Akasugua kwa ndimu, akasugua kwa sabuni ya kufulia, mwisho akachota mchanga, akasugua huku analia mpaka ngozi ikachubuka. Ua lilikuwa pale pale. Miaka thelathini amewaapia mabiharusi kwamba piko lake halitoki kabla ya wiki mbili, na hakuwahi kumdanganya hata mmoja.